Usikivu wa Wananchi ni Mali ya Nani?

UTANGULIZI

Watangazaji wetu wa redio wana desturi ya kumaliza kipindi kwa kuwashukuru wasikilizaji "kwa usikivu wenu". Shukrani hiyo si adabu tupu. Ndani yake mna ukweli kwamba msikilizaji ana kitu chake, amekitoa kwa nusu saa, na sasa kipindi kimekwisha anarudishiwa aende nacho kwenye shughuli zake. Vyombo vya habari vya mtandaoni, hivi tunavyovifungua katika simu zetu asubuhi kabla hata ya kunawa uso, havina shukrani ya namna hiyo. Haviwezi kushukuru, kwa kuwa havikusudii kurudisha.

Makala hii inachambua jinsi vyombo hivyo vinavyouteka usikivu wa msomaji. Maswali yetu ni yale yale ambayo kada hufundishwa kuyauliza juu ya mali yoyote. Usikivu huu unatoka kwa nani? Nani anaumiliki? Unauzwa kwa nani, na faida inakwenda wapi? Tunaongeza swali la mwisho, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu: sisi makada tunasimama upande gani katika biashara hii? Tunasema mapema kwamba katika swali hili tumewahi kukosea, na kosa hilo tutalieleza bila kuficha.

Kabla ya kuendelea, hapana budi tuondoe maelezo mawili yanayosikika sana mikutanoni. La kwanza linasema vijana wa siku hizi hawana nidhamu, wanapoteza muda. La pili linasema simu yenyewe ndiyo adui, na dawa ni kuizima. Maelezo yote mawili yana kasoro moja: yanautazama mkono ulioshika simu, hayautazami mkono ulioitengeneza programu. Tumewaona wajumbe wa vikao, watu wazima wenye heshima zao, wakiinamia simu chini ya meza wakati ajenda ya maji ya kijiji inajadiliwa. Jambo linalompata mwenyekiti wa tawi na mwanafunzi wa kidato cha pili kwa namna moja haliwezi kuelezwa kwa tabia mbaya ya rika moja. Lazima tuutazame mfumo.

BIASHARA YA ZAMANI, KIWANDA KIPYA

Biashara ya usikivu haikuanza na intaneti. Mwaka 1833, mjini New York, mchapishaji Benjamin Day alianzisha gazeti la The Sun akaliuza kwa senti moja, wakati magazeti makubwa ya mji ule yaliuzwa senti sita. Faida aliitafuta kwa wafanyabiashara wenye matangazo. Kuanzia hapo gazeti la namna hiyo lilikuwa na wanunuzi wawili: msomaji aliyenunua habari, na mfanyabiashara aliyenunua wasomaji. Mwaka 1835 gazeti hilo lilichapisha mfululizo wa makala zilizodai kwamba mwanasayansi John Herschel ameona kwa darubini viumbe wenye mabawa kama ya popo wakiishi mwezini. Ulikuwa uongo mtupu, lakini mji mzima uliuzungumza. Somo lake ni rahisi. Mahali ambapo bidhaa inayouzwa ni idadi ya macho, ukweli huwa gharama kama gharama nyingine: unawekwa unapolipa na kuachwa usipolipa.

Tofauti ya leo ni kwamba mwenye kiwanda anamjua msomaji wake mmoja mmoja. Mchapishaji wa mwaka 1833 hakujua msomaji alisoma ukurasa gani, wala aliishia mstari wa ngapi. Kampuni za leo zinajua kidole kilisimama wapi, kwa muda gani, usiku au mchana. Na mapato yake yanaeleza yanatoka wapi. Kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata mwaka 2024 mapato ya dola za Marekani bilioni 164.5, na kati ya hizo bilioni 160.6 zilitokana na matangazo. Kwa hiyo ni makosa kusema kampuni hii inauza habari, au inauza urafiki. Inauza muda wa watu kwa wenye matangazo. Habari, picha za harusi, misiba na siasa zetu ni chambo tu cha kuvuta muda huo.

Mtu atasema: lakini huduma ni ya bure. Tulitazame jambo hili kwa macho ya mkulima. Kwa miaka mingi nchi zetu zimeuza pamba ghafi na kununua nguo, na tumefundisha madarasani kwamba huo ni unyonyaji. Hata hivyo mkulima wa pamba alipata angalau bei ya pamba yake, hata ilipokuwa ndogo. Msomaji wa Sengerema au Tandahimba anatoa usikivu wake ukiwa malighafi, halipwi kitu, na nauli ya kuusafirisha hadi sokoni anailipa mwenyewe kwa kununua bando. Hata mkoloni hakufika mahali pa kumfanya mkulima alipie meli.

Mwaka 1971 mchumi wa Kimarekani Herbert Simon alieleza kwamba habari zinapokuwa nyingi, kinachoadimika ni usikivu wa kuzipokea, kwa sababu habari hula usikivu kama mifugo inavyokula majani. Alilisema kama tatizo la uongozi na utawala. Wenye mitaji wa baadaye waliona ndani yake jambo jingine: kitu kinachoadimika kina bei.

SARUFI YA MTEGO

Tuanze na mlango wa mtego, yaani kichwa cha habari. Mifano ifuatayo tumeitunga wenyewe, lakini kila msomaji ataitambua: "Afunguka mazito!" "Hiki ndicho alichomjibu!" "Yamkuta makubwa baada ya kufanya hivi!" Tuisome kama tunavyochambua sentensi darasani.

Kiswahili kina uwezo wa kumbeba mtenda ndani ya kitenzi. Tukisema "amefika", kiambishi a- kinatosha, kwa sababu mtu huyo alikwisha kutajwa na sote tunamjua. Ni lugha ya watu wanaokaa pamoja, ambapo msemaji harudii jina kwa kuwa msikilizaji analo tayari. Kichwa cha mtandaoni kinakichukua kiambishi hicho na kukitumia kabla mtu hajatajwa. Nani huyo afunguka? Hatuambiwi. Neno "hiki" ni kiashiria, kazi yake ni kunyoosha kidole kwenye kitu, lakini hapa kidole kimenyooshwa gizani. "Alichomjibu" kina kirejeshi -cho-, nacho kinarejea neno ambalo halikusemwa. "Hivi" ni vipi? Hivyo zana ambazo lugha yetu ilizijenga kwa ajili ya kuelewana zimegeuzwa ndoano. Ukosefu wa habari umewekwa makusudi mahali ambapo sarufi inamfanya msomaji ahisi kwamba alipaswa kuwa nayo.

Linganisha na taarifa ya habari tuliyokulia nayo. Sentensi ya kwanza ilisema nani, amefanya nini, wapi na lini. Mtu aliyesikia sentensi hiyo moja kisha akaitwa shambani, alikwenda na habari kamili. Mwandishi alimheshimu msikilizaji kwa kumruhusu aondoke.

Wazee wetu walikijua kificho cha maneno, wakakiwekea sheria. Sheria hiyo ni ya kitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!", na wenzake hujibu "Tega!", maana yake wameridhia mchezo. Wakishindwa kutegua humpa mji, naye akiisha kuupokea analazimika kutoa jibu mbele ya wote. Mtegaji anayepokea mji kisha akakataa kutegua amevunja mchezo, na kesho hategewi sikio. Kichwa cha habari cha mtandaoni ni kitendawili kisicho na ridhaa wala jibu. Hakuna aliyesema "Tega". Msomaji anatoa mji, yaani bando na dakika zake. Anafungua, anazungushwa kwa maneno marefu na matangazo katikati, na mwishowe jibu ama halimo, ama halikustahili hata kijiji kidogo. Kabla hajakasirika vya kutosha, kitendawili kingine kimeshategwa.

Hatupendi kuwatupia lawama vijana wa mijini wanaoandika vichwa hivyo. Wengi wao hawana ajira nyingine, na mapato yao yanategemea idadi ya watazamaji. Wao ni vibarua wa mtego, si wenye mtego. Wala hatusemi kwamba hila hii ni ngeni kwetu. Magazeti ya udaku yaliyozagaa baada ya miaka ya 1990 yalikuwa nayo. Lakini mtu aliyesimama asubuhi mbele ya meza ya muuza magazeti alisoma vichwa vyote bure, akacheka na wenzake, akadandia daladala kwenda kazini. Meza ya magazeti haikumfuata garini.

UKURASA USIO NA MWISHO

Sehemu ya pili ya mtego ni umbo la ukurasa. Kitabu kina mwisho wa sura, gazeti lina ukurasa wa mwisho, na redio ina kengele ya saa. Mwisho wa namna hii una kazi ya kisiasa ambayo hatukuithamini mpaka ulipoondolewa: ni mahali ambapo msomaji hujiuliza, je, niendelee? Mwaka 2006 mbunifu wa programu wa Kimarekani Aza Raskin alibuni namna ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kila msomaji anapofika chini. Lengo lilikuwa kumpunguzia mtu kazi ya kubofya. Baadaye Raskin alijuta hadharani, lakini wakati huo ubunifu wake ulikwisha enea karibu kila mahali. Kilichoondolewa pale si kubofya. Kilichoondolewa ni lile swali.

Mwaka huo huo wa 2006 Facebook ilianzisha mkondo wa habari ambao programu humpangia kila mtu, na mwaka 2009 ikaongeza kitufe cha kupenda. Hapo ndipo elimu ya mwanasaikolojia B. F. Skinner inapotusaidia. Katikati ya karne ya 20 Skinner alionyesha kwa njiwa na panya kwamba mnyama anayepata chakula kila anapobonyeza kitufe hubonyeza kwa kiasi na kutulia. Lakini mnyama anayepata chakula safari nyingine, na safari nyingine asipate, bila kujua ni lini, hubonyeza bila kuchoka. Mashine za kamari zinafanya kazi kwa kanuni hiyo. Mwenye simu naye hajui kama safari hii atakuta salamu ya rafiki, sifa, tusi, au hakuna kitu. Kwa sababu hajui, anafungua tena.

Wapo wanadharia wanaosema msomaji huyu ni mfanyakazi asiyelipwa. Maelezo hayo yana ukweli, lakini tunaona hayatoshi. Katika mashamba ya mkonge enzi za ukoloni, manamba alikuwa na kipande. Kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama, na siku 30 zikitimia alilipwa. Ulikuwa unyonyaji wa kikatili, na wazee wetu waliupinga. Hata hivyo manamba alijua yuko kazini, alijua kazi ya siku inaishia wapi, na alimjua mnyapara kwa jina. Ndiyo maana aliweza kuungana na wenzake na kugoma. Msomaji wa ukurasa usio na mwisho hana kipande. Hajui kwamba yuko kazini, anadhani anapumzika. Mnyapara wake ni programu isiyoonekana. Mwamko hauwezi kuanza mpaka mtu atambue kwamba kuna shamba na kuna mwenye shamba.

HASIRA INA BEI

Sehemu ya tatu ni upangaji wa habari zenyewe. Januari 2012 wataalamu wa Facebook, kwa muda wa wiki moja, walibadilisha mikondo ya habari ya watu 689,003 bila kuwaambia. Baadhi walipunguziwa maneno ya furaha, wengine maneno ya huzuni, ili ionekane kama nao wataandika kwa furaha au huzuni. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba badiliko lilikuwepo, ingawa dogo sana. Sisi hatuhitaji kulikuza. Jambo zito ni kwamba kampuni iliona ni halali kuugusa moyo wa watu wengi kiasi hicho kama fundi anavyogusa kinu cha redio, na wao wasijue.

Mwaka 2017 kampuni hiyo iliweka kanuni kwamba alama za hisia, ikiwamo ile ya hasira, zihesabiwe kuwa na uzito mara 5 kuliko kupenda kwa kawaida. Habari iliyokasirisha watu ilipanda juu na kuwafikia wengi zaidi. Nyaraka za ndani zilizotolewa hadharani mwaka 2021 na mfanyakazi wake wa zamani, Frances Haugen, zilionyesha kwamba wataalamu wa kampuni walikwisha gundua kuwa habari zinazopata hasira nyingi zina uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba uongo na chuki. Uzito wa hasira ulifutwa mwaka 2020. Kwa miaka kadhaa, basi, hasira ya wananchi ilikuwa na bei, tena bei iliyopangwa ofisini California.

Nchini Myanmar, ambako kwa watu wengi Facebook ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe, kampeni za chuki dhidi ya Warohingya zilisambazwa humo. Kuanzia Agosti 2017 zaidi ya Warohingya 700,000 walikimbilia Bangladesh kuokoa maisha. Mwaka 2018 kampuni ilikiri kwamba haikufanya ya kutosha kuzuia mtandao wake usitumiwe kuchochea ghasia. Hatusemi kwamba programu ndiyo iliyoshika panga. Wauaji walikuwepo na siasa yao ilikuwepo. Tunasema kwamba mtambo uliojengwa kupandisha juu kila kinachosisimua hauwezi kutofautisha kati ya wimbo mpya na wito wa kuua.

Na taka za mtambo huo zinasafishwa karibu na kwetu. Mjini Nairobi vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliajiriwa na mkandarasi wa Meta, kampuni ya Sama, kutazama picha za mauaji na ukatili ili ziondolewe zisiwafikie wengine. Mwaka 2023 zaidi ya 180 miongoni mwao walifungua kesi katika mahakama za Kenya, wakidai kuachishwa kazi isivyo halali na kulalamikia madhara ya kazi hiyo kwa afya ya akili zao. Hivyo Mwafrika yumo katika ncha zote mbili za biashara hii: anatoa usikivu upande huu, na anafagia uchafu upande ule. Katikati, mahali faida inapohesabiwa, hayumo.

KOSA LETU

Sasa tufike kwenye kujikosoa. Katika chuo tunakofundisha tuliwahi kuandaa somo fupi kwa wanachama wanaolima korosho. Lilieleza mjengeko wa bei katika mfumo wa stakabadhi ghalani: korosho ikiuzwa mnadani kwa bei fulani, ni makato gani yanakwenda kwa chama cha msingi, kwa chama kikuu, kwa ghala na kwa usafirishaji, na mkulima ana haki ya kuuliza nini katika kila hatua. Lilikuwa somo zuri, nasi tuliliweka mtandaoni chini ya kichwa kinachosema hasa yaliyomo. Waliolifungua walikuwa wachache mno.

Mwanafunzi mmoja, kijana hodari, alipendekeza tubadili kichwa. Tukakubali. Kikawa: "Wakulima wa korosho walia! Kilichofichwa kwenye makato chafichuka". Ndani hatukubadili hata neno. Idadi ya waliofungua ikapanda mara nyingi, na kwa siku mbili tulitembea kifua mbele. Tulisema somo limewafikia wananchi.

Siku ya tatu alitupigia simu katibu wa chama cha msingi mmoja. Wanachama wake walikuwa wamefika ofisini na simu mkononi, wakitaka aonyeshe kilichofichwa. Baadhi walisema hawapeleki tena korosho ghalani mpaka mwizi atajwe. Tukamwambia awasomee somo lenyewe. Akajibu: "Ndugu zangu, hakuna aliyesoma hilo somo. Wamesoma kichwa." Ilimchukua vikao kadhaa kuwatuliza, na katika vikao hivyo hakupata nafasi ya kueleza yale makato, ambayo ndiyo wakulima walihitaji kuyajua. Mkulima aliyekuwa na swali halali juu ya ushuru wake aliondoka bila jibu, kwa sababu mkutano mzima ulikuwa ukimtafuta mwizi tuliyemtunga sisi.

Tulikosea wapi? Haikuwa katika maneno tu. Tuliazima chombo tukidhani ni mfuko mtupu, unaweza kutia chochote ndani. Lakini chombo kilikuja na kazi yake. Kazi yake ni kuamsha hisia na kuihamisha, si kukaa na mtu mpaka aelewe. Kisha tukaazima na kipimo chake: tukahesabu waliofungua, tukaita hesabu hiyo elimu. Kada anayepima kazi yake kwa kipimo cha mwenye matangazo amekwisha kuajiriwa naye bila mkataba.

Tunasema haya kwa uzito kwa sababu kosa hili si letu peke yetu. Zipo ofisi ambazo taarifa ya mwezi ya uenezi ni orodha ya picha zilizowekwa na idadi ya waliozipenda. Wapo viongozi wanaokwenda kwenye kisima kilichokauka wakiwa na mpiga picha, lakini hawana fundi wa bomba. Mwananchi anapenda picha, anapita, na kisima kinabaki kikavu.

MFANO WA MWAKA 1973

Ndugu mmoja anaweza kutuuliza: adui yuko mtandaoni, uongo uko mtandaoni, tukijitoa, si tunamwachia uwanja? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba hatuwaambii watu wajitoe. Tunataka tutenganishe chombo na mtego, na historia yetu inaonyesha kwamba inawezekana.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na Redio Tanzania, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 vikundi vya kujisomea vilikutana kila wiki kote nchini. Kiongozi wa kikundi aliyepata mafunzo alifungua redio, wanakikundi wakasikiliza kipindi, wakasoma sura ya kijitabu, kisha redio ikazimwa. Ndipo kazi ilipoanza. Walijadili malaria, minyoo, kuhara au kichocho katika kijiji chao wenyewe, wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kufyeka nyasi, kulinda maji. Watu wapatao milioni 2 walishiriki.

Hatusemi zama zile hazikuwa na makosa. Miaka ile ile, katika kuhamishia watu vijijini, yalikuwepo maeneo ambako ushauri uligeuka amri, na tunajua gharama yake. Wala redio ile haikuwa na njia nyepesi ya mwananchi kuijibu studio, jambo ambalo simu ya leo inaliweza. Lakini tuangalie umbo la kipindi kile. Redio nayo ilikuwa teknolojia ya kuteka masikio ya watu wengi kwa mara moja. Tofauti ilikuwa katika mambo matatu. Kwanza, kipindi kilikuwa na mwisho, na mwisho ulikuwa mwanzo wa mjadala. Pili, watu walisikiliza pamoja, hivyo aliyedanganyika alikuwa na jirani wa kumsahihisha papo hapo. Tatu, kipimo cha mafanikio kilikuwa choo, kitu kinachoonekana nyuma ya nyumba. Hakuna aliyehesabu kwamba masikio milioni 4 yamefunguliwa.

Tukilinganisha na mkulima wa korosho aliyesoma kichwa chetu akiwa peke yake kitandani usiku, tunaona alichonyang'anywa. Hakunyang'anywa akili. Amenyang'anywa mwisho wa ukurasa, jirani wa kubishana naye, na kazi ya kufanya baada ya kusoma. Mambo haya matatu ndiyo yanayougeuza usikivu kuwa mwamko. Yakiondolewa, usikivu unabaki malighafi ya kusafirishwa.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Kutokana na uchambuzi huu tunatoa mapendekezo machache, ambayo sisi wenyewe tumeanza kuyajaribu.

Kichwa cha habari cha kada kitaje mtu, jambo na mahali. Kiwe na maana hata kwa asiyefungua. Kikimpunguza msomaji mmoja mwenye haraka, kimemheshimu.

Somo liwe na mwisho, na mwishoni pawe na swali la kujadiliwa na watu zaidi ya mmoja. Somo letu la makato ya korosho tumeliandika upya hivyo. Halitumwi tena kwa kila mtu peke yake. Linatumwa kwa katibu wa chama cha msingi, linasomwa kwa sauti mkutanoni kutoka simu moja, simu nyingine zikiwa mfukoni, kisha kila mkulima anatoa stakabadhi yake na kuhesabu makato yake. Waliofikiwa ni wachache kuliko wale wa kichwa cha uongo. Lakini katika mkutano wa kwanza mama mmoja alisimama na karatasi yake akauliza kuhusu tarakimu moja ambayo katibu hakuweza kuieleza palepale, ikabidi arudi na jibu mkutano uliofuata. Swali moja la namna hiyo lina uzito kuliko maelfu ya hasira.

Taarifa za uenezi ziache kuhesabu waliopenda. Zieleze watu wamejadili nini, wameamua nini, na kimefanyika nini.

Mwisho, tusidanganyike kwamba kufunga na kukataza kutatosha. Amri inaweza kuufunga mlango, lakini haimfundishi mtu kuutambua mtego akiukuta kwenye mlango mwingine. Zaidi ya hapo, uongo hupata nguvu mahali ambapo habari za kweli zimechelewa au zimefichwa. Kiongozi asiyesema wazi makato ya korosho anamwandalia shamba mtunga vichwa. Tukitaka wananchi wasikimbilie kilichofichuka, tusiwe na cha kuficha.

Swali tulilolianza ni kwamba usikivu wa wananchi ni mali ya nani. Jibu ni kwamba ni mali yao wenyewe, kama ardhi wanayoilima na jasho wanalolitoa. Kampuni za mbali zinauchukua kwa hila na kuuuza. Kada anauomba kwa muda, kwa ajili ya kazi inayojulikana, na kazi ikiisha anaurudisha kwa wenyewe waende wakachimbe, wakahesabu, wakaulize. Asiyeweza kuurudisha asiuombe.